Luigi Amedeo wa Abruzzi: mtoto wa mfalme aliyeendea nchi za barafu wakati wa joto

Kilele kirefu kuliko vyote nchini RDC kinaitwa Margherita. Kiko mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, katika milima ya Ruwenzori. Wakaaji wa Mutwanga, wilayani Beni, wanauona mlima huo asubuhi pale mawingu yanapofunguka. Wengi wanalijua jina, lakini wachache wanajua limetoka wapi.

Jina hilo lililetwa na Mwitaliano, mjukuu wa mfalme na mtoto wa mfalme, aliyekanyaga kilele hicho tarehe 18 Juni 1906. Aliitwa Luigi Amedeo wa Savoia, na cheo chake kilikuwa Mtawala wa Abruzzi. Kwa zaidi ya miaka kumi aliziandama nchi za barafu duniani: Alpes, Alaska, bahari ya Kaskazini, Ruwenzori na Karakoram. Karibu kila mara alizifikia wakati wa joto, au wakati mvua imepungua. Pale alipoheshimu majira, alirudi na watu wake wote. Mara moja tu alibaki kwenye barafu hadi baridi kali ikamkuta, na safari hiyo ilimtoza vidole vyake na roho za watu watatu.

Alizaliwa siku chache kabla baba yake kuacha ufalme

Luigi Amedeo alizaliwa Madrid, mji mkuu wa Uhispania, tarehe 29 Januari 1873. Baba yake, Amedeo wa Savoia, alikuwa mfalme wa Uhispania wakati huo. Ufalme huo ulikuwa na matatizo mengi. Mwezi Februari mwaka huohuo, mtoto akiwa hajamaliza hata wiki mbili, baba aliachia kiti na jamaa yote ikarudi Italia. Babu yake alikuwa Vittorio Emanuele wa Pili, mfalme wa kwanza wa Italia iliyounganishwa.

Mtoto huyo hakuwa na ufalme wa kurithi. Aliandikishwa katika jeshi la majini tangu utotoni, akakulia kati ya shule na meli. Akiwa afisa kijana alizunguka bahari nyingi na akaona pwani ya Somalia, nchi ambayo baadaye ingekuwa makao yake ya mwisho. Alipopata likizo, hakukaa katika majumba ya kifalme mjini Torino. Alipanda milima.

Wakati huo, miji ya Alpes ambayo leo inajulikana ulimwenguni kwa michezo ya theluji, kama Courmayeur upande wa Italia au Zermatt upande wa Uswisi, iliishi hasa kwa wageni wa miezi ya joto. Watu walifika kuanzia Juni, wakatembea na kupanda vilele, wakaondoka Septemba. Waongozaji wa milima walipata kazi miezi hiyo michache. Theluji ilipofunga njia, walirudi kwa ng'ombe wao na kazi za nyumbani.

Ni katika hali hiyo kijana Luigi alijifunza kazi. Mwaka 1894 alipanda mlima Cervin, ambao Waswisi wanauita Matterhorn, kwa njia ngumu ya mgongo wa Zmutt. Alikuwa pamoja na Mwingereza Albert Mummery, mmoja wa wapandaji hodari wa zama zile. Mwaka uliofuata Mummery alipotea kwenye mlima Nanga Parbat, huko Himalaya. Luigi alitamani kwenda kwenye mlima huo uliomchukua rafiki yake. Lakini mwaka 1897 India ilikuwa na tauni na njaa, na safari haikuwezekana. Ndipo alipogeuza macho kuelekea Alaska.

Alaska, 1897: kupanda kabla mlango haujafungwa

Mlima Saint Elias una urefu wa mita 5,489 na uko kwenye mpaka wa Alaska na Canada, karibu kabisa na bahari. Watu walikuwa wamejaribu kuupanda zaidi ya mara moja na kushindwa. Ugumu wake si urefu tu. Anayetoka ufukweni lazima avuke uwanda mkubwa wa barafu unaoitwa Malaspina, halafu mabonde mengine ya barafu, kabla hata ya kuufikia mguu wa mlima. Mizigo yote inavutwa au inabebwa.

Luigi alipanga safari yake kwa kuhesabu miezi kurudi nyuma. Aliondoka Torino mwezi Mei, akapita Marekani, akafika ghuba ya Yakutat mwezi Juni, wakati bahari iko wazi na usiku wa huko ni mfupi sana. Wamarekani waliajiriwa kuvuta mizigo. Waongozaji alitoka nao Italia, kwenye mabonde ya Alpes. Mkubwa wao alikuwa Joseph Petigax wa Courmayeur, mtu ambaye angemfuata mtawala huyo katika safari zake kubwa za barafu zilizokuja. Alikuwepo pia Vittorio Sella, mpiga picha ambaye kazi yake inatazamwa hadi leo.

Tarehe 31 Julai 1897 watu kumi walifika kileleni pamoja, kiongozi wao akiwa na miaka 24. Hakuna hata mmoja aliyepotea. Saint Elias ilikuwa imepandwa kwa mara ya kwanza, na jina la Mtawala wa Abruzzi likaanza kuandikwa katika magazeti ya Ulaya na Marekani.

Kaskazini, 1899: pale alipoikaribisha baridi

Safari iliyofuata ilikuwa ya namna nyingine. Luigi alitaka kufika ncha ya Kaskazini ya dunia. Alinunua meli ya zamani ya Wanorwe iliyokuwa ikiwinda nyangumi na sili, akaipa jina Stella Polare, maana yake Nyota ya Kaskazini. Mwezi Juni 1899 meli iliondoka Norwe.

Meli inaweza kupita kaskazini kabisa katika wiki chache tu za joto, barafu inapofunguka. Kwa hiyo Luigi alifika kisiwa cha Rudolf, katika visiwa vya Franz Josef, wakati wa joto. Lakini kutoka hapo hadi ncha, mtu lazima atembee juu ya bahari iliyoganda, kwa mbwa na magari ya kuteleza, kabla joto halijaivunja barafu. Hiyo ilimaanisha kukaa huko majira yote ya baridi, gizani, na kuondoka mwezi Machi.

Barafu haikusubiri. Mwezi Septemba iliibana meli hadi ikaharibika na kuingiza maji. Wanaume walihamisha chakula na vifaa ufukweni, wakaishi katika mahema. Wakati wa giza, Luigi alishikwa na baridi kali kwenye mkono wa kushoto, na ncha za vidole viwili zikakatwa. Mtu mwenye mkono wa namna hiyo hakuweza kutembea miezi mitatu juu ya bahari ya barafu. Ilimbidi aachie uongozi wa safari ya miguu kwa afisa wake, Umberto Cagni.

Cagni aliondoka Machi 1900. Tarehe 25 Aprili alitangaza kufika digrii 86 na dakika 34 kaskazini, mbali kidogo kuliko Mnorwe Fridtjof Nansen, aliyekuwa ameshika nafasi ya kwanza tangu 1895. Aliporudi kambini mwezi Juni, alikuta kundi moja la kusaidia, ambalo lilikuwa limetumwa kurudi mapema, halijafika. Watu watatu walikuwa wamepotea juu ya barafu: Luteni Francesco Querini, fundi wa mitambo Mnorwe Henrik Støkken, na Felice Ollier, mwongozaji wa milima wa Courmayeur. Hawakuonekana tena.

Mwezi Agosti meli ilikombolewa kutoka kwenye barafu, ikarudi Norwe. Huko Luigi alipokea habari nyingine ya msiba: mjomba wake wa ukoo wa kifalme, Mfalme Umberto wa Kwanza, ndugu wa baba yake, alikuwa ameuawa Italia mwezi Julai. Italia ilimpokea Luigi kama shujaa, lakini tangu hapo hakurudi tena kwenye nchi za ncha.

Ruwenzori, 1906: kiangazi cha kwetu

Kwenye mstari wa Ikweta hakuna majira ya joto wala ya baridi kama ya Ulaya. Kuna masika na kuna kiangazi. Hapo ndipo wageni wengi waliotangulia walikuwa wamekosea.

Wazungu walikuwa wameanza kuandika juu ya theluji ya Ruwenzori mwaka 1888, Henry Morton Stanley na watu wake walipoiona wakitokea upande wa msitu wa Ituri. Wenyeji, Wanande upande wa Kongo na Wakonzo upande wa Uganda, ambao ni watu wa ukoo mmoja, waliijua tangu zamani. Kwao theluji ni nzururu, na mlima ni makao ya Kitasamba, mzimu unaoheshimiwa. Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda upande wa Kongo kwa bonde la Butahu, akaona barafu, akarudi. Mwezi Novemba 1905, Mwingereza Douglas Freshfield, mtu aliyezoea milima mikubwa ya dunia, alifika upande wa Uganda. Novemba ni mwezi wa mvua. Matope na ukungu vilimrudisha bila kilele.

Luigi alisoma taarifa za watu hao na akachagua Juni na Julai. Aliondoka Napoli mwezi Aprili 1906, akashuka Mombasa mwanzoni mwa Mei, akachukua treni hadi ziwa Victoria, akavuka kwa meli hadi Entebbe. Katikati ya Mei msafara wa wabeba mizigo karibu 300 ulianza kutembea kuelekea Fort Portal. Kutoka hapo walifuata bonde la mto Mobuku, wakapanda kati ya mianzi, magogo yenye kuvu na miti mikubwa ya ajabu inayoota Ruwenzori tu na kwenye milima michache mirefu ya Afrika.

Sehemu ya juu walibeba Wakonzo, watu wa mlima wenyewe. Walipandisha vyakula, mahema na mashini za picha hadi Bujongolo, chini ya mwamba mkubwa, kwenye mita karibu 3,800. Bila wao hakuna Mwitaliano ambaye angeigusa barafu. Hata hivyo, majina yao hayakuandikwa kwenye ramani.

Hata wakati wa kiangazi, Ruwenzori haikauki. Mvua ilinyesha, ukungu ulifunika vilele, na Sella alisubiri siku nyingi ili apate saa moja ya mwangaza mzuri. Lakini mara kwa mara mawingu yalifunguka, na hiyo ilitosha. Tarehe 18 Juni 1906, Luigi pamoja na waongozaji Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel walipanda kilele kimoja, kisha wakaendelea hadi kingine kirefu zaidi. Cha kwanza alikiita Alexandra, jina la malkia wa Uingereza, na cha pili Margherita, jina la malkia mama wa Italia. Kipimo chao cha wakati ule kilikuwa mita 5,125, tofauti ya mita 16 tu na kile kinachokubaliwa sasa.

Katika wiki zilizofuata, kundi lake lilipanda vilele vikuu vya safu yote, likapima na kuchora ramani. Milima mikubwa ilipewa majina ya Stanley, Speke, Baker, Emin na Gessi. Mmoja ulipewa jina lake mwenyewe. Majina ya vilele vingi yalitoka katika familia za kifalme za Ulaya. Wakati huo Waingereza na utawala wa Leopold wa Pili walikuwa hawajakubaliana kuhusu mpaka mahali hapo. Mpaka uliopitishwa baadaye, mwaka 1910, ndio uliokiweka kilele cha Margherita kati ya nchi mbili.

Upande wa Kongo ulisubiri zaidi. Mwaka 1932 msafara wa Wabelgiji, ulioongozwa na Xavier de Grunne, ulitokea magharibi na kufanya kazi kwenye barafu ya upande huo. Njia ya Mutwanga, yenye vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo ndani ya hifadhi ya Virunga, inapanda upande huo wa magharibi.

K2, kisha vita

Mwaka 1909 Luigi alienda Karakoram, ambayo leo iko Pakistan, kuutafuta K2, mlima wa pili kwa urefu duniani wenye mita 8,611. Alifika huko tena katika miezi ya joto, kuanzia Mei hadi Julai. Alijaribu mgongo wa kusini-mashariki, akaishia kama mita 6,250. Aliona kwamba njia haiwezekani kwa watu wenye mizigo, akarudi chini bila kulazimisha.

Mwezi Julai alijaribu mlima mwingine wa karibu, Chogolisa. Tarehe 18 Julai alifika mita 7,498. Ukungu ulifunika mbele, na barafu ilining'inia pembeni. Alisubiri saa kadhaa, hewa haikufunguka, akageuka. Kilele kilikuwa kimebaki mita zisizofika 200. Hakuna mtu aliyejulikana kuwa amepanda juu kuliko hapo hadi 1922, Waingereza walipofika kwenye Everest. Na mgongo wa K2 aliouacha uliitwa kwa jina lake. Wataliano walipita hapohapo mwaka 1954 walipokuwa wa kwanza kufika kilele.

Maisha yake mengine hayakuwa rahisi. Alimpenda Mmarekani, Katherine Elkins, binti wa seneta, lakini jamaa ya kifalme haikukubali ndoa, na Luigi hakuoa kamwe. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika Italia, alikuwa mkuu wa meli za kivita. Majira ya baridi ya 1915 na 1916, meli za Italia na za washirika wake zilihamisha zaidi ya askari 100,000 wa Serbia waliokuwa wamekimbilia pwani ya Albania wakiwa na njaa na baridi. Mwaka 1917 aliondolewa kwenye uongozi.

Somalia, bila barafu

Mwaka 1920 alianzisha kampuni ya kilimo kando ya mto Shebelle nchini Somalia, iliyokuwa chini ya utawala wa Italia. Walichimba mifereji, wakalima pamba, miwa na ndizi, wakajenga kijiji kilichoitwa kwa jina lake. Leo mahali hapo ni mji wa Jowhar. Watu wa ukanda huo hawakuwa na uhuru wa kukataa kama wangekuwa nao bila ukoloni. Utawala ulihitaji mikono ya kazi kwenye mashamba, na ulitumia shuruti kuipata. Kazi hiyo ni sehemu ya maisha yake sawa na vilele.

Kati ya 1928 na 1929 alifanya safari yake ya mwisho kubwa, kufuata mto Shebelle hadi chanzo chake katika milima ya Ethiopia. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 55. Baadaye akapata ugonjwa wa kansa. Alipojua haponi, hakubaki Italia. Alirudi Somalia, akafia huko tarehe 18 Machi 1933, akazikwa kijijini kwake kwa mapenzi yake mwenyewe.

Miezi ileile, barafu nyingine

Mahali alipopita, wageni bado wanapita, na karibu katika miezi ileile. Meli za watalii zinaingia Yakutat wakati wa joto. Visiwa vya Franz Josef vinafikika hasa Julai na Agosti. Wanaotembea hadi mguu wa K2 wanaenda kati ya Juni na Agosti. Courmayeur na Zermatt, zilizotajirika kwa theluji ya Desemba hadi Machi, zinajaa tena Julai kwa watu wanaotaka kutembea mahali penye baridi kidogo. Kwa Ruwenzori, waongozaji wanashauri Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti.

Kilichobadilika ni barafu yenyewe. Picha za Sella na ramani ya 1906 zimewapa wataalamu kipimo cha kulinganisha. Mwaka ule barafu ya Ruwenzori ilifunika kilomita za mraba karibu 6.5. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua. Vipande vingine vilivyopewa majina mwaka ule havipo tena. Joto la dunia linapanda, na kiangazi ambacho zamani kilifungua njia kwa siku chache sasa kinayeyusha kile ambacho watu walikuja kukitazama.

Kwa Wakongomani, kuna ugumu wa pili. Ukosefu wa usalama katika wilaya ya Beni umefunga kwa vipindi virefu njia ya Mutwanga, na wageni wengi wanapanda wakitokea Uganda. Vijana wengi waliozaliwa chini ya mlima huo hawajawahi kuigusa theluji yake. Mwitaliano wa 1906 alitoka mbali sana, alisubiri mwezi ulio sawa, akafika. Aliyezaliwa Mutwanga yuko karibu zaidi, lakini anahitaji amani kwanza, na anahitaji kuipata kabla nzururu haijaisha.